Wali maharage wa nyuma ya soko la Ilala

Mwaka wa pili huu sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na kazi yangu ni kupakua mizigo. Nina kilo 64. Wenzangu hawachoki kuniuliza nguvu natoa wapi. Natoa kwa mama lishe mmoja nyuma ya soko la Ilala, mwenye meza mbili chini ya turubai la bluu.

Kabla yake nilikula miezi minne kwenye hoteli moja karibu na kazini, nikihakikishiwa kuwa maharage ni matupu. Siku moja nikakuta kipande cha mfupa kwenye kijiko. Kumbe walikuwa wanamiminia supu ya ng'ombe ili yakolee! Iliniuma sana. Huyu mama nilipomuuliza hakukasirika, alifunua sufuria: "Chungulia mwenyewe, mwanangu." Kitunguu, nyanya, karoti, tui la nazi. Maharage analoweka usiku, alfajiri anamwaga yale maji na kuyainjika upya kwenye mkaa mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili. Tumbo langu linaijua tofauti.

Jumamosi moja nilifungasha sahani nzima nikaipima nyumbani. Maharage, baada ya kuchuja mchuzi, yalikuwa gramu 240. Yakishapikwa yana protini kama gramu 9 katika kila gramu 100, kwa hiyo hapo nimepata 21. Wali gramu 350 unaongeza 9. Mchicha wake ni wa karanga za kusaga. Akitia kiasi cha kiganja kimoja, ni 7 nyingine. Inafika 37, na kwa hesabu ya gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, mtu kama mimi anahitaji kama 51 kwa siku. Kwa kuwa nabeba mizigo navuka hapo, kwa choroko na chapati za usiku. Tena wali na maharage vinakamilishana: lisini, moja ya viungo vinavyounda protini, ni haba kwenye mchele, lakini kwenye maharage ipo tele. Kitu ambacho sahani hii haina ni vitamini B12, hiyo nanunua vidonge duka la dawa.

Yote hayo kwa shilingi 2,500. Kopo la unga wa protini nililonunua mwaka jana lilinitoka 140,000 na halikumaliza mwezi na nusu.

Kasoro zipo. Ukifika baada ya saa nane mchicha umekwisha, na bila mchicha sahani inapwaya. Binti anayepakua naye ana mkono wa mchuzi, mwambie mapema, "Dada, nipe punje." Halafu foleni ikiwa ndefu huchota maharage kwa upawa uliotoka kwenye nyama. Nilimweleza mama, akaniwekea upawa wa peke yake, unaning'inia kwenye msumari juu ya jiko. Nendeni saa sita na nusu, muombe huo wa msumarini.