Barabarani ama debeni? Vijana wa Kenya

Juni 2024 tuliona nguvu ya barabara jamani, vijana hawana chama hawana kiongozi, wakajipanga TikTok na X tu, tarehe 25 wakaingia Bunge na kesho yake Rais Ruto akakataa kusaini Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Siku moja! Lakini makumi waliuawa, na hakuna mswada unaotosha kulipia mtoto wa mtu.

Kura ni polepole, foleni na kungoja miaka mitano, ila 2022 wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa kama asilimia 40 tu ya waliojiandikisha, wengi wetu tulibaki nje. Mimi naegemea debe, uchaguzi wa Agosti 2027, lakini barabara siiachi, Kifungu cha 37 cha Katiba kinaturuhusu kuandamana kwa amani.