Kemo Ocean Road: maoni ya mshona kofia kutoka Wete

Mimi nashona kofia za viua, nakaa Wete. Mwezi wa Shaaban mwaka jana nilishika kivimbe ziwa la kushoto, kigumu kama kokwa ya ubuyu, hakiumi. Nawaandikia wanawake wa Pemba wanaozunguka na bahasha ya majibu mkononi, maana yangu niliizungusha miezi mitatu.

Daktari wa mwanzo, kwenye kliniki moja ya kulipia, alinipapasa tu akaniambia nirudi Jumatatu nikatwe ziwa lote. Kinyama cha kivimbe hakijatolewa kikapimwa. Nikamuuliza ni saratani ya aina gani. "Mama, saratani ni saratani." Jibu lile linanikera hadi leo, kwa sababu si kweli. Kinyama kikipimwa hutazamwa kama uvimbe unalishwa na homoni, na kama una protini ya HER2 kwa wingi, na dawa huchaguliwa kwa majibu hayo. Wa pili, Unguja, alinitoa kinyama, akasema kemo kwanza, yaani dawa kali za saratani za kutiwa mshipani, kisu baadaye. Ami yangu naye akanishika mkono: "Ukiingia kemo mwanangu hutoki. Kunywa dawa za miti kwanza." Sikumlaumu. Mkewe alifikishwa hospitali maradhi yameshaenea, na yeye alichokiona ni dripu na jeneza.

Nikaenda Dar es Salaam kutafuta neno la mwisho, Taasisi ya Saratani Ocean Road, penye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Watu ni wengi, wametoka kila mkoa. Fikeni alfajiri na chukueni chakula.

Daktari alizisoma karatasi zangu zote mbele yangu. Akaeleza kwamba uvimbe umeshafika ukubwa wa ndimu na tezi la kwapani limevimba, hivyo kemo ikianza inaweza kuupunguza, ukatwaji ukawa mdogo, na tukaona kwa macho kama dawa inafanya kazi. Kisha akanitajia mabaya kabla sijayauliza: dawa nyekundu awamu nne, kila baada ya siku 21, nywele zote zitanyonyoka, halafu dawa ya pili, ambayo huweza kutia ganzi vidoleni.

Hapo nikatoa kofia mkobani. Nikamwambia, hii ndiyo inayosomesha wanangu. Aliweka kalamu chini, akaichukua, akavitazama viua kimoja kimoja. "Ganzi kwa wengi hupungua dawa zikimalizika, lakini kuna ambao hubaki nayo. Ikianza tu niambie siku hiyo hiyo, dozi hupunguzwa." Akaandika kwenye faili: mshona kofia. Hakuniahidi kupona. Nilikubali kemo palepale, na jioni nikampigia ami simu. Alinyamaza sana, kisha akasema atanitafutia nauli.

Wauguzi wao nawaombea kheri. Kabla ya kuanza nilipimwa moyo, kwani dawa nyekundu inaweza kuudhuru, na damu kila awamu. Dawa ile muuguzi huisukuma kwa bomba la sindano polepole, macho yake mshipani, kila mara anauliza "panaunguza?", maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mimi huwa namung'unya barafu ili mdomo usitoke vidonda. Mkojo ulitoka mwekundu, nilishaambiwa, sikuogopa.

Jambo moja lishikeni: nunueni kipimajoto. Homa ikifika 38, hospitali saa ile ile, msimeze panadoli mkalala. Siku ya kumi baada ya awamu ya pili nilifika 38.4 saa saba usiku. Mwanangu alinipeleka, nikaonesha kadi yangu ya kemo, nikatundikiwa dawa ya mshipani kabla ya alfajiri.

Ugumu ni njia. Gari hadi Mkoani, boti hadi Unguja, boti nyengine hadi Dar, na kurudi vivyo hivyo na kichefuchefu. Ulizeni mapema kama awamu nyengine mnaweza kupewa Unguja, na msifunge safari bila mtu wa kukushikieni mkoba.

Nimebakiza awamu mbili. Ncha za vidole vya kulia zilianza kufa ganzi. Nilisema siku hiyo hiyo na dozi ikapunguzwa. Kofia ile bado iko mkononi, nashona viua vitatu vinne asubuhi, barazani, kabla jua halijapanda.