Usiku wa Jumamosi Mtwara: bendi ukumbini au sindimba uwanjani?

Msimu wa korosho, hela ikiwa imeingia, Mtwara mjini unaweza kuusikia muziki wa kupigwa kwa mikono kwa njia mbili: bendi ya dansi kwenye ukumbi mdogo, au sindimba, ngoma ya Wamakonde, uwanjani.

Mimi niko upande wa ukumbi, tena wazi kabisa. Pale hakuna kinachokutenga na wanamuziki. Unaviona vidole vya mpiga solo vikibana nyuzi, tumba, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja, unaisikia yenyewe kabla haijatoka kwenye spika, na wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, mpiga besi anaitazama miguu yenu ndipo waamue kurefusha au kukata. Ukimtuza mwimbaji, jina lako linaingia kwenye wimbo. Tamasha kubwa haliwezi kukupa hayo. Bendi za Dar nazo zinafika kwa urahisi tangu Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lifunguliwe mwaka 2003. Zamani mto huo ulivukwa kwa pantoni, vyombo na watu wote. Ubaya wa ukumbi ni kiingilio, joto, na kuanza kwa kuchelewa: ukifika saa mbili utawakuta bado wanapima sauti.

Sindimba haihitaji umeme. Ngoma hupashwa moto kwanza ili ngozi zikaze, kisha ni viuno na mapigo kujibizana. Ukiwa na watoto au wazee, nenda huko.

Ukitaka kucheza na mwenzi wako mpaka usiku wa manane, lipa kiingilio ukae meza ya mbele, upande wa tumba.