Uzoefu wangu: Forester ya turbo, pampu mpya, na fundi aliyeanza na geji ya presha

Natumia Subaru Forester SG5 ya mwaka 2004, injini EJ205 ya lita 2 yenye turbo, gia za mkono. Naishi Malindi na kila wiki naenda Mombasa mara moja, pengine mbili. Gari hili ni la kazi. Naandika kwa sababu nilimaliza karibu miezi miwili na petroli nyingi kabla ya kumpata mtu anayejua kutyuni mafuta, yaani kurekebisha kiasi cha petroli kinachoingia kwenye injini, na najua huku pwani tuko wengi wenye turbo zilizotoka Japani zikiwa zimechoka pampu.

Yangu ilikuwa imechoka kweli. Ukitaka kupita lori pale Matsangoni, unakanyaga, turbo inajaza, halafu gari linakatakata kama mtu amelishika mkia. Gereji ya kwanza niliyokwenda haikupima kitu. Walibadilisha ramani ya kompyuta, yaani majedwali yanayoiambia injini itumie mafuta na cheche kiasi gani, wakaongeza mafuta kwenye busti, pale turbo inaposukuma hewa, na gari likatulia. Baada ya wiki chache ugonjwa ukarudi, ndipo wakasema tubadilishe pampu. Nikaagiza Walbro ya lita 255 kwa saa. Wakaifunga, wakavuta waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye pampu kupitia rilei, nikaambiwa kazi imekwisha.

Kukatakata kuliisha, hilo lazima niseme. Lakini kukaja mengine. Asubuhi ukiwasha, moshi mweusi na harufu ya petroli hadi jikoni, mke wangu akawa anafunga dirisha kila nikishika ufunguo. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na nilikuwa nateketeza lita 20. Zamani lita 13 zilinifikisha. Kilichonitia hofu zaidi ni mafuta ya injini. Nilichomoa kijiti kupima nikakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, nikanusa: petroli. Petroli inayopita pembeni ya pistoni bila kuungua huteremka na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mepesi, na turbo inategemea mafuta hayo hayo kwenye beringi zake. Nilisimamisha gari siku hiyo hiyo.

Fundi niliyeletewa na rafiki anafanya kazi ya kuzunguka, anakufuata nyumbani na kompyuta yake, kebo, geji ya presha ya mafuta, na geji ya kupima mchanganyiko wa mafuta na hewa yenye sensa ya Bosch LSU 4.9. Kijana wa miaka thelathini hivi. Nilitegemea afungue kompyuta mara moja kama wale wa kwanza. Hakufungua. Alisema, "Ami, ramani tutaigusa mwisho. Nikitengeneza ramani juu ya presha mbovu, nitakuwa nimeandika ubovu ndani ya gari lako." Nilimwelewa baadaye, na sasa nikiulizwa na mtu namwambia hivyo hivyo.

Alifunga geji ya presha kwenye mpira wa mafuta. Kwenye injini hii regulata, kidhibiti cha presha ya mafuta, inatakiwa kushika tofauti ya baa 3 kati ya presha ya mafuta na hewa iliyo ndani ya manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, manifoldi inavuta, kwa hivyo presha ya mafuta inapaswa kuwa chini ya 3, kama 2.4 hivi. Yangu ilisimama kwenye 3 na haikushuka. Alinieleza hivi: Subaru nyingi za turbo zina kifaa kinachoendesha pampu polepole injini ikiwa haina haja, na kuifungulia yote ikidai. Wale wa kwanza walikiruka kwa waya wao. Pampu kubwa ikawa inasukuma kwa nguvu zote saa zote, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi ni nyembamba, haiwezi kupitisha ziada yote. Presha inabaki juu, nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini zinamwaga kupita kiasi. Kompyuta nayo ilikuwa inajitahidi kupunguza, akanionyesha kwenye skrini: inaondoa asilimia 11 ya mafuta muda wote ili injini isizame.

Alirudisha waya wa kiwandani kupitia kifaa chake. Kazi ya saa moja, nyingi ikiwa ni kupigana na skrubu za kifuniko cha pampu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Akawasha. Mshale ukashuka ukatulia kwenye 2.4.

Hapo ndipo kilitokea kitu kilichonifanya nimwamini. Sensa ya geji yake ilikuwa tayari imefungwa kwenye bomba la egzosi nyuma ya turbo, na ilikuwa inaonyesha 16, maana yake hewa ni nyingi na mafuta ni machache. Kwa petroli mizani sawa ni 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta. Mtu mwingine angeona 16 akaanza kuongeza mafuta. Yeye alichomoa plagi, akazipanga juu ya gazeti kwenye baraza yangu. Zote nne nyeusi tii, masizi makavu yanayobaki kwenye kidole. "Hii inasema mafuta mengi, geji inasema machache," akasema. "Mmoja anaongopa, na plagi haina waya."

Akachukua chupa ya kupulizia, maji na sabuni ya kuoshea vyombo, akasubiri bomba lipoe kidogo. Mimi nilishika tochi. Kwenye gasketi kati ya turbo na bomba la kushuka, lile la egzosi linaloanzia kwenye turbo, kulikuwa na alama ya masizi, mstari mwembamba kama wanja, unaoelekea juu. Alipuliza sabuni, nikawasha injini, na pale penye mstari povu likaanza kuchemka, vipovu vidogo vinaingia na kutoka kwa mpigo wa injini. Boliti moja ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki nusu. Injini ikinguruma polepole, hewa ya nje inavutwa kwa hapo kati ya mpigo na mpigo, inapita mbele ya sensa, na sensa inahesabu hewa ambayo haikuingia kwenye injini kabisa. Gasketi na boliti zilitoka Mombasa kwa basi, tukasubiri siku mbili. Zilipofungwa, geji na plagi zikasema kitu kimoja.

Mafuta ya injini na filta vilibadilishwa kabla hatujaenda barabarani. Alikataa kabisa kupima kwa mafuta yenye petroli.

Ramani sasa. Alifungua ile iliyokuwemo kwenye RomRaider, programu ya bure ya kuhariri ramani za Subaru, na akanionyesha ile gereji ya kwanza ilichofanya. Kwenye busti walikuwa wameongeza mafuta mengi ili kufidia pampu dhaifu. Pampu ilipobadilishwa, hakuna aliyerudi kuyaondoa. Tulipotoka alfajiri baada ya sala, tukavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui barabara ikiwa tupu, gia ya pili, raundi 3,000 hadi 5,500, sekunde chache tu kisha anaachia, geji ilisoma 9.8. Mchanganyiko una mafuta mengi mno, injini inazimwa na petroli yake yenyewe. Alipunguza kidogo kidogo, tunapita, anasimama kando, anasoma, anaandika, tunarudia. Alikomea 11.2 kwenye busti. Nilimuuliza mbona asifike 12, nguvu zaidi. Akasema mafuta ya ziada kidogo ndiyo yanayopoza chumba cha kuungulia, na gari hili linaishi Malindi, haliishi kwenye baridi.

Jambo la petroli pia alilitilia maanani. Gari la turbo lililotengenezwa kwa soko la Japani linatarajia petroli ya oktani 100, yaani inayostahimili zaidi kulipuka kabla ya wakati, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hivyo alirudisha cheche nyuma kidogo, yaani plagi zichelewe kuwasha, pale busti inapokuwa kubwa. Kisha akarudi saa nane mchana, jua la kaskazi likiwa limeshika, akaliacha gari linaguruma robo saa ili interkula, kipoza hewa ya turbo kilicho juu ya injini, ipate moto kama ile ya foleni ya Mtwapa. Tulipopima tena sensa ya kugonga ilionyesha kugonga kidogo, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya injini, sauti ambayo mimi siisikii kwa sikio. Akairudisha cheche nyuma digrii mbili zaidi. Ukweli ni kwamba gari limepoteza kanguvu kidogo pale juu, nalihisi. Nimeridhia.

Kasoro zipo. Kupima barabarani, hata alfajiri, si kitu ninachokipenda. Punda na waendesha baiskeli huamka mapema, na mara mbili tulisitisha kwa sababu yao. Angekuwa na mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama ningelipa zaidi kwa furaha. Pia alikuja siku tatu baada ya siku tuliyopanga, na simu hapokei akiwa kazini. Alinitoza shilingi 28,000, gasketi na mafuta ya injini mbali. Kwa kulinganisha, gereji ya kwanza ilichukua zaidi ya hapo kwa kazi zao zote mbili.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu amalize kazi. Mombasa nafika kwa lita 13 na kidogo, moshi hakuna, dirisha la jikoni liko wazi asubuhi. Alinipa ramani zote mbili, ya zamani na mpya, kwenye flashi, nimezihifadhi pamoja na kitabu cha gari. Wiki iliyopita nilichomoa plagi mwenyewe: rangi ya chai ya maziwa, zote nne. Kusi likiingia na hewa ikipoa, tumekubaliana arudi apime tena, maana hewa baridi ni nzito na turbo itaingiza zaidi ya tulivyopima kwenye joto.