Mguu wa 9.9 kwenye mashine ya 15: duka la spea lenye mali nzuri na mikono mibaya

Nyota moja. Naiandika sasa hivi, kabla hasira haijapoa.

Yamaha 9.9 na 15 za tu-stroki, mashine za boti za nguvu farasi 9.9 na 15, zile za silinda mbili, ni ndugu wa tumbo moja. Bloku zote ni sisi (cc) 246, na mguu wa moja, yaani sehemu ya chini yenye gia na pangaboi, unakaa kwenye nyingine. Kwa hiyo mtu akinunua mguu wa 9.9 uliotumika ili aokoe 15 iliyosagika gia, hajakosea kitu. Hapo sina ugomvi na duka.

Ugomvi ni kufunga. Fundi wao alirundika grisi juu ya kichwa cha shafti ya kusimama inayotokeza juu ya mguu, akainua mguu, ukagoma, ukabaki mwanya wa unene wa penseli. Badala ya kuushusha aangalie, akashika spana aanze kuuvuta kwa bolti. Jamani! Meno ya shafti yasipoingia kwenye krenki, ile shafti kuu ya mashine, kila ukikaza bolti shafti inaisukuma krenki juu: beringi zinaumia, au bodi la mguu linapasuka penye tundu la bolti. Na ile grisi ya kichwani haina pa kwenda, nayo inazuia shafti isifike mwisho. Grisi hupakwa kidogo ubavuni mwa meno. Kichwani panafutwa pakavu.

Kumwambia mwenye duka, akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Mzee, kama unajua si ungefunga nyumbani kwako?"

Haya, kwa wanaofunga nyumbani kwao: chomoa waya za plagi, ingiza gia kwenye mguu, inua mguu, halafu mwenzako azungushe pangaboi polepole kwa mkono. Meno yakikutana mguu unapanda wenyewe. Hakikisha bomba la maji limeingia kwenye mpira wake juu ya pampu, maana likikaa pembeni maji hayafiki juu na mashine inachemka. Bolti zishike kwanza kwa vidole. Fimbo ya gia unganisha kwa nati yake na nati ya kufungia, kisha jaribu mbele, katikati na nyuma kabla ya kuwasha. Katikati pangaboi lizunguke huru kabisa. Oili ya gia ijazwe kwa tundu la chini mpaka imwagike tundu la juu, na skrubu ya juu ndiyo inayotangulia kufungwa. Ukijazia juu unafungia hewa ndani.

Sasa, haki isemwe. Mguu wenyewe ni mzuri. Oili iliyotoka haikuwa nyeupe kama ya mguu ulioingia maji, meno ya shafti bado makali, shafti ya pangaboi haichezi. Bei nayo ya kibinadamu. Ukienda pale ukachukua mguu, ukalipa na kuondoka nao bila kumruhusu mtu yeyote aushike, ni nyota tatu. Pengine nne.

Lakini impela, lile gurudumu la mpira la kusukuma maji ya kupoza mashine! Nimefungua pampu waliyosema wameweka impela mpya. Mabawa yamelala upande mmoja na hayanyooki, mpira umekauka, na namba yake inaanza na 682. Hiyo ni ya 15 za zamani. Mashine hii ni ya namba ya modeli 63V, impela yake ni 63V-44352. Ukizishika mkononi zinafanana, ndiyo maana watu wanauziwa. Alama tatu za mwanzo za namba ya spea za Yamaha zinakuonyesha kitu kilitengenezwa kwanza kwa mashine ipi. Zisome kabla ya kutoa hela. Na ile mbovu wameiandika kwenye risiti kwa bei ya mpya.

Nyota moja, na hiyo ni ya mguu. Impela nimewarudishia. Hela bado wanayo.