Silki, mati au glosi: kuta zangu za Kisumu baada ya miaka miwili

Sebule yangu ilipakwa rangi mara mbili ndani ya miezi minne, na rangi yenyewe haikubadilika. Ilikuwa ile ile nyeupe ya maziwa. Kilichobadilika ni mng'ao: kwanza silki, inayong'aa kiasi, kisha mati, isiyong'aa. Nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikilinganisha vikaratasi vya rangi kwenye mwanga wa dirisha, na swali kubwa kuliko yote nikaulizwa dukani wakati tayari nimeshatoa pesa: "Unataka ya kung'aa ama isiyong'aa?" Nikasema ya kung'aa. Ilikuwa na bei ya juu na niliambiwa inaoshwa, nikaona hapo hakuna la kufikiri.

Nyumba yetu iko upande wa kwenda Dunga na dirisha kubwa la sebule linatazama magharibi, kwenye Ziwa Victoria. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua likizama halisogei kaskazini wala kusini kama huko mbali na ikweta. Linashukia upande wa Ghuba ya Winam, mbele ya dirisha letu. Kuanzia saa kumi alasiri miale huingia imelala na kuambaa kwenye kuta za kando, haizipigi usoni. Siku rangi ilipokauka nilikaa kwenye kiti nikingoja jioni hiyo kwa hamu. Ilipofika saa kumi na moja nikaona kila alama ya mwiko wa fundi wa plasta, kila kiraka cha pale ukuta ulipochimbwa kupitisha waya za umeme, na tumbo la ukuta karibu na mlango ambalo sikuwahi kulijua. Nilihuzunika sana. Kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa laini tena, na jioni yale yale yakarudi.

Fundi wa kwanza alisema niongeze mpako wa tatu. Tukaongeza, na alama zikazidi kuonekana. Ndipo jirani akaniletea mzee mmoja ambaye amepaka rangi maisha yake yote. Hakugusa ukuta. Aliwasha tochi ya simu, akaibandika ubavuni mwa ukuta ili mwanga uteleze juu yake, akaniita. "Mama, rangi haina makosa. Ukuta wako haujanyooka, na wewe umeupaka mafuta usoni."

Alinieleza na nimeshika mpaka leo. Ndani ya kopo kuna unga na kuna gundi. Rangi ya mati ina unga mwingi kuliko gundi, kwa hiyo ikikauka uso wake unabaki na vikwaruzo vidogo mno ambavyo jicho halivioni. Mwanga ukifika hapo hutawanyika kila upande, na bonde na kilima vinafanana. Silki ina gundi nyingi zaidi, glosi ndiyo imezidi. Uso unakuwa laini, mwanga unarudi kwa pamoja kama kwenye kioo, na kila penye mbonyeo panajitangaza. Gundi hiyo hiyo ndiyo inayoziba uso, uchafu ukabaki juu ukafutika. Mati ya kawaida hunyonya uchafu, na ukiisugua sana unaondoka na rangi. Kwa hiyo unachokipenda na unachokichukia kwenye silki vimetoka mahali pamoja, huwezi kununua kimoja ukaacha kingine.

Tulikuwa na njia mbili: kupiga skimu (tabaka jembamba la kulainisha plasta) ukuta mzima upya na kuurudia kwa msasa hadi unyooke, ama kubadili mng'ao. Skimu ilikuwa gharama nisiyoiweza mwaka ule. Tukapitisha msasa mwepesi juu ya silki ili rangi mpya ipate pa kushika, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, tukapaka mati mipako miwili. Jioni ile jua lilipoingia nilitembea kutoka kona hadi kona nikitafuta kile kiraka cha umeme. Bado kipo, lakini lazima ujue kilipo ndipo ukione. Sebule ikatulia. Hata rangi ya maziwa ilionekana nzito kidogo, kama imekolea, kwa sababu hakuna mng'ao unaoipauza.

Kwa hesabu yenu: sebule ni mita 4 kwa 5 na kimo cha mita 2.7. Mzunguko ni mita 18, zidisha kwa kimo upate karibu mita 49 za mraba, ondoa mlango na dirisha zibaki kama 44. Lita moja ilinipa takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja. Mipako miwili ikala karibu lita 9, yaani makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1. Ukuta wa plasta mpya hunywa zaidi.

Sasa, nisieleweke kwamba silki ni mbaya. Kwenye korido naitetea kabisa. Korido yetu haina dirisha, mwanga ni wa balbu ya juu, na nina watoto wawili wanaopita wakiburura viganja ukutani kuanzia choo hadi jikoni. Ule mstari wa mikono, kwenye kimo cha kiuno changu, naufuta kila Jumamosi kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo. Miaka miwili sasa, ukuta haujapauka. Chumbani mwao pia ni silki. Dari zote ni mati na hakuna haja ya kujadili. Dari haishikwi na mtu, na mwanga wa dirisha huikwangua vibaya kuliko ukuta.

Kasoro moja ya silki ambayo sikuambiwa dukani: haikubali kiraka. Mtoto alipochora kwa kalamu ya wino nikagusia mahali padogo kwa brashi, kutoka kopo lile lile, na paligeuka doa linalong'aa tofauti kila ninapopita. Ikabidi kupaka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Sebuleni, kwenye mati, nimegusia mara nne na hakuna mgeni aliyewahi kuona.

Jikoni na bafuni tulitumia glosi ya mafuta, nusu ya chini ya ukuta, na hapa nina mengi ya kulalamika. Mvuke na mafuta ya kukaangia samaki havikuishinda, hilo naikiri. Lakini tuliipaka jioni moja, siku za mwezi mchanga, taa zikiwa zimewaka na dirisha wazi ili harufu ya tapentaini itoke. Anayekaa karibu na ziwa ameshajua nitasema nini. Wadudu wa ziwani waliingia kama moshi, wakafuata taa, wakanata kwenye rangi mbichi kwa mamia. Rangi ya maji hukauka juujuu kwa saa moja au mbili, ya mafuta inakesha. Tulingoja siku mbili ikauke, tukasugua kila mdudu kwa msasa, tukaanza upya asubuhi na mapema. Kama uko Dunga, Nyalenda au Milimani, maliza glosi kabla ya saa sita mchana na ufunge madirisha jua linapokaribia kuzama.

La pili, glosi nyeupe ya mafuta hugeuka njano mahali pasipo mwanga. Nyuma ya kabati la jikoni imekuwa kama samli, wakati karibu na dirisha ingali nyeupe. Na kwenye kipande cha ukuta tulichoongeza, plasta ilikuwa na wiki mbili tu. Saruji mbichi ina magadi yanayogeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, na unyevu wa ndani unatafuta pa kutokea. Rangi ilivimba malengelenge. Plasta mpya ipewe mwezi mzima angalau, hata fundi akikuharakisha. Nikirudia leo nitatafuta rangi ya maji ya nusu glosi iliyotengenezwa kwa jikoni na bafu, inayozuia kuvu. Nimeiona kwa jirani, haina ile harufu na bado ni nyeupe.

Kuna jambo naomba kila mzazi alichukulie kwa uzito. Milango ya nyumba hii ilikuwa na glosi ya zamani, ya kabla yetu, na rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa Kenya sasa ni sehemu 90 kwa milioni, lakini hicho hakiisaidii milango iliyopakwa kitambo. Mzee aliisugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, watoto wakiwa kwa nyanya yao, na takataka tukazikusanya kwenye mfuko. Aliposugua vizuri rangi mpya ilishika. Mlango mmoja ambao fundi wa kwanza alikuwa ameupaka rangi ya maji juu ya glosi bila msasa ulibanduka kwa vipande, kama ngozi ya nyoka.

Sitaji kampuni, kwa kuwa nimetumia tatu na tofauti kubwa niliyoiona haikuwa jina. Ila jueni kwamba silki ya kampuni moja inaweza kung'aa kuliko silki ya nyingine. Nunua kopo la lita 1, paka mita moja ya mraba kwenye ukuta unaopata jua la kulala, uitazame asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka.

Nimebakiza chumba cha wageni. Bado kina silki ya siku ya kwanza, na dirisha lake pia linatazama ziwani. Mamangu mkwe hulala humo akija, na jioni huvuta pazia kabla sijamwomba. Kopo la mati liko stoo, nangoja mvua ya masika ipungue ndipo ukuta ukauke vizuri.