Mashua ya nusu siku kwenda Takwa: uzoefu wangu

Huduma yenyewe ni hii: unakodi mashua pamoja na nahodha na baharia wake, ama Lamu mjini ama kijiji jirani cha Shela. Mnavuka mkondo hadi kisiwa cha Manda, mnaingia kijito chenye mikoko pande zote, mnashuka na kutembea kidogo hadi magofu ya Takwa, mji wa kale wa Waswahili, na baada ya saa moja na nusu au mbili mnarudi. Nimeitumia kwa manahodha watatu, misimu ya pepo za kaskazi na za kusi. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyopungua haiyahusu magofu hata kidogo. Inahusu namna safari inavyouzwa, kana kwamba Takwa inafikika saa yoyote mtu akipenda.

Haifikiki. Kijito hakina kina, na chini yake ni tope tupu. Maji yakipwa, mashua inakaa juu ya tope na abiria wanakaa juani kungoja. Kwa hiyo kabla ya kupatana bei, kabla ya kuuliza habari za samaki wa kuchoma, uliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Wakati wa bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji ya pwani hii hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, kujaa kunaangukia saa nne au saa tano asubuhi, lakini si kujaa kwa kutegemea: bamvua hupanda mita 3 na zaidi kutoka kupwa hadi kujaa, maji mafu kama mita 1 tu. Nahodha akikwambia mwondoke saa tatu asubuhi tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, tafuta mwingine.

Siku ninazozipendelea ni tarehe 2 na 3, au 16 na 17, za kalenda hiyo hiyo. Maji yakijaa saa kumi na nusu, ondokeni Lamu saa nane na robo kwa mashine. Saa tisa mko Takwa, na saa kumi na moja na robo mwe mmeng'oa nanga. Msipitishe hapo, kwa sababu maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kujaa hupungua sehemu 1 kati ya 12 za tofauti yote ya kujaa na kupwa, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja. Kwa bamvua ya mita 3, saa ya tatu peke yake huondoa sentimita 75, na hicho ni karibu kina ambacho mashua nyingi zinahitaji ili zielee. Mtu anayesema "bado maji yapo" katika saa ya pili anasema kweli, ila hatasema hivyo nusu saa baadaye. Mmoja wa wale manahodha alichelewa kuondoka kwa saa nzima, na muda wa kutazama magofu ukabaki dakika 40. Hazitoshi hata kwa msikiti.

Kuhusu chombo: chukua mashua ndogo badala ya jahazi kubwa, yenye mashine ya kuvukia mkondo na upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia, wa kuingilia kijito. Ndani ya kijito mashine ina hasara mbili. Pangaboi inavuruga tope na kunasa mizizi, na kelele inafukuza ndege. Nahodha mzuri huzima mashine mapema, akashusha tanga kama lilikuwa juu, baharia akasukuma kwa upondo taratibu. Hapo ndipo utamwona mdiria akitumbukia, yangeyange na kulasitara wakisimama ukingoni. Wakati wa kusi mkondo una mawimbi, kwa hiyo funga simu na kamera ndani ya mfuko wa nailoni tangu mwanzo. Hesabu maboya ya kujiokolea kabla hujakaa. Yawe mangapi? Idadi ya watu, wakiwemo wenye chombo.

Mikoko nayo usiipite kama ukuta wa kijani. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka juu kwenye shina na kushuka kama miguu. Sehemu za juu zaidi, zisizofikiwa na maji kila siku, ni za mchu, ambao mizizi yake inachomoza topeni kama penseli ili ipate hewa. Kutoka misitu kama hii ndiko zilikotoka boriti zilizobeba dari za nyumba za mawe za pwani nzima. Upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti: mita 2 na nusu hadi 3, kwa sababu boriti ndefu zaidi ya hapo hupinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Ukiingia kwenye nyumba za Takwa ukaona vyumba virefu na vyembamba, jibu lake umelipita njiani.

Takwa ilistawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha ikahamwa. Wengi walivuka kwenda Shela, na hadi leo watu wa Shela huenda Takwa kuzuru kaburi na kuomba mvua. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951. Usiichanganye na mji wa kale wa Manda, ulio kaskazini mwa kisiwa hicho hicho na mkongwe zaidi, wa tangu karne ya 9. Ukimwambia nahodha "magofu ya Manda" anaweza kukupeleka kusiko. Taja Takwa kwa jina.

Anza na msikiti wa Ijumaa. Wengi huanza na nyumba kwa kuwa ziko njiani, wakafika msikitini jua limekwisha, na mwanga ndio unaofanya jiwe lisomeke. Kutoka Lamu kibla, yaani upande wa Makka, ni kaskazini karibu kamili, kwa hiyo uso wa mihrabu, kile kidaka cha imamu kwenye ukuta wa kibla, unatazama kusini. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi jua liko upande wa kusini wa anga yetu, na alasiri linapiga ule uso kwa ubavu. Maandishi ya Kiarabu na michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu vinatoa kivuli chembamba, vinaonekana. Jua likiteremka zaidi, ukuta wa magharibi unaanza kutia kivuli, kwa hiyo usikawie. Mwezi wa Juni hali ni kinyume: jua liko kaskazini, mihrabu iko kivulini kutwa, na wageni wengi huondoka wakisema hakuna kitu. Beba tochi. Usiielekeze usoni pa ukuta. Ishike pembeni, karibu na ukuta, mwanga ufagie lipu kutoka upande mmoja. Mistari inajitokeza papo hapo. Usisugue chaki wala kupitisha kidole, maana lipu ya chokaa ya miaka 300 na zaidi imeshikilia jiwe kwa shida, na chumvi ya hewa ya bahari inaiinua kutoka nyuma.

Tazama pia aina za mawe. Kuta zimejengwa kwa matumbawe magumu ya nchi kavu, mawe yasiyo na umbo, yakakamatwa kwa chokaa. Penye kuchongwa vizuri, mafundi wa pwani hii walitumia matumbawe ya baharini, yanayokatwa yakiwa mabichi na laini, kisha yakikauka yanakuwa magumu. Yatambue kwa vitundu vidogo vilivyo sawasawa. Juu ya mihrabu imesimama nguzo, jambo lisilo la kawaida kwa misikiti. Nguzo ya namna hii tumeizoea makaburini, na ndiyo maana wapo wanaosema msikiti ulijengwa juu ya kaburi la shekhe. Kaburi la nguzo lenye tarehe liko hapo hapo Takwa: mwaka 1094 wa Hijria, sawa na takriban 1683. Mahali pa dua ni mahali pa dua hata pakiwa gofu. Vaa nguo za heshima, na ukikuta watu wanasoma, subiri.

Nyumba zenyewe zitazamwe kwa jambo moja: milango yake imeelekea kaskazini. Mibuyu imeota humo humo. Wakati wa kiangazi haina majani na kivuli chake ni kidogo, kwa hiyo usitegemee kupumzika chini yake. Masika hali nyingine: majani yamefunga vijia na mbu wako tele. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga, na ya kushukia mashua iwe kandambili, kwa sababu unaweza kukanyaga tope hadi kwenye kifundo. Maji ya kunywa ni ya kubeba, lita 1 na nusu kila mtu. Maji ya visima kuingia chumvi hutajwa kuwa mojawapo ya sababu za mji kuhamwa.

Tiketi ni ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na bei ya raia, mkazi na mgeni si moja, kwa hiyo beba kitambulisho. Mara nyingi bei ya mashua haina tiketi ndani yake. Patana kwa chombo kizima, si kwa kichwa, na useme wazi saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Lipa nusu kabla, nusu mkirudi. Wale manahodha wanajua bahari kuliko msikiti, na hilo si kosa lao. Anayetaka maelezo ya mawe na amkodi mtembezaji mwenye kibali kutoka mjini, tena amwambie mapema kwamba anataka ujenzi, asije akamaliza saa nzima kwa hadithi za masultani.

Na kama siku zako Lamu zimeangukia maji mafu, usimlazimishe nahodha ajaribu. Nenda kwenye nyumba ya Kiswahili ya makumbusho pale mjini, ya karne ya 18, ambako boriti, dari na zidaka (vidaka vya ukutani) bado viko mahali pake, ukavitazame kwa mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani.